Alama Nne Kwenye Vanishi

Mume wangu humwamini kila mtu, ila baada ya kumchunguza. Muuza sukari humwamini akishaipima upya nyumbani. Fundi bomba humwamini akishamkalia kigodani tangu anafungua begi la vifaa hadi analifunga. Mimi mwenyewe, baada ya miaka yote hii ya ndoa, nikimwambia nje kunanyesha, hutoa mkono dirishani kwanza. Zamani nilikuwa nakasirika. Siku hizi nacheka, maana hasira nazo zinachosha.

Mtaani wanamwita Fundi Magitaa. Waliowahi kuingia kwetu wakaona milango inavyofungwa wanamwita Mzee wa Kufuli, naye anajua, na wala halimuudhi. Kazi yake ni kuyavisha magitaa ya umeme. Hatengenezi gitaa kutoka kwenye gogo, hapana. Unamletea gitaa lako la dukani, jeupe au jeusi kama mengine yote, analipiga msasa mpaka mbao ionekane, halafu analichonga, analipachika vipande vya pembe, vifungo, waya wa shaba, vigae vya sahani iliyovunjika, anapaka rangi kwa brashi nyembamba kama wanja, kisha anamalizia kwa vanishi. Likitoka hapo unatamani ulitundike sebuleni. Lakini ole wako umwambie ni la kutundika. "Kwangu halitoki gitaa bubu," husema, na huliunganisha na spika mbele yako kabla hujalipa. Nyuzi zote azipapase, moja moja, akiwa ameinamisha kichwa.

Kupapasa ndiko kupiga kwake kote. Wimbo hajui hata mmoja. Alikuwa seremala wa vitanda, anachonga maua kwenye mbao za kichwani, mpaka mpiga gitaa mmoja aliyekuja kununua kitanda akamuuliza kama yale maua yanaweza kukaa kwenye gitaa. Ndiyo hivyo, akahama kutoka kitandani. Vidole vyake vimelainishwa na msasa na tina ya kuyeyushia rangi miaka mingi mpaka havina mistari. Siku tulipokwenda kuandikishwa vitambulisho, mashine ilimkataa. Karani akamwambia arudie, akarudia, ikamkataa tena, naye akaanza kumshuku karani.

Nyumba yetu ina vyumba viwili vinavyotazama barabara. Kimoja changu, cha cherehani. Kingine chake, cha kazi. Katikati kuna korido, na kule nyuma chumba kidogo alichokuwa analala mdogo wangu. Kwenye chumba cha kazi kuna kabati la chuma lililokuwa la ofisi fulani zamani. Alitoa rafu zote, akaweka ndoano juu, akazungushia sponji kwenye kingo za milango ili vumbi lisipenye, akafunga na taa moja ndani, ya kufukuza unyevu. Magitaa yakishapakwa vanishi huning'inizwa humo kwa shingo, yakauke. Vanishi bichi haitaki vumbi, haitaki upepo, haitaki mtu. Ukiigusa kabla haijakaza, alama ya kidole inabaki humo kama mguu wa kuku kwenye saruji.

Kwa hiyo kabati lilikuwa na kufuli. Ufunguo mmoja ulikaa shingoni kwake, anaoga nao. Wa pili ulikaa kwenye kopo langu la vifungo, chini kabisa, na aliamini watu wanaojua ni mimi na yeye tu.

Mdogo wangu alijua. Anajua kila kitu cha nyumba hii tangu aje. Ni mwoka mikate, anaingia kazini watu wanapokwenda kulala na kurudi watu wanapoamka, unga masikioni, mkate kwapani. Nyumba aliyokuwa amepanga ilibomolewa, akaja kwetu kwa muda mfupi, na ule muda ukanogewa ukakaa. Mume wangu alimpenda, sitasema uongo. Walitaniana kama shemeji wanavyotaniana. Lakini kila asubuhi aliuchukua ule mkate, akauweka puani, akauliza, "Huu wa leo au wa jana?"

"Wa kesho, shemeji. Nimewahi."

Na mume wangu hucheka, halafu hunusa tena.

Sasa akaja Mzee wa Solo. Sina haja ya kumweleza sana, kila mtu mtaani kwetu alikuwa amecheza harusi yake kwa gitaa la mzee huyo. Aliingia na mkewe, wameshikana mikono, yeye amevaa miwani nyeusi ndani ya nyumba kama wanamuziki wanavyopenda. Mama alikuwa mfupi, amejaa, anatembea nusu hatua mbele yake, na hakumwachia mkono hata walipofika kwenye kiti. Nilikuwa mlangoni na futi ya kupimia shingoni. Nikaona wivu, nasema kweli. Watu wazima wale, mvi zimejaa, na bado wanashikana kama wachumba. Mimi mara ya mwisho mume wangu kunishika mkono ni pale tulipovuka mtaro.

Walipoondoka nikamwambia, "Umeona watu wanavyopendana?"

"Watu wanaoshikana hivyo wana jambo," akasema.

"Jambo gani?"

"Sijui. Ndiyo maana nawashuku."

Alikuwa na sababu nyingine. Oda yenyewe ilikuwa ya ajabu. Wapiga magitaa hutaka moto, chui, nyota, mwanamke mwenye nywele ndefu. Mzee huyu alitaka uwanja wa nyuma wa nyumba waliyopanga walipooana. Bomba la maji, mlango wa bati, kamba ya nguo na gauni la kijani limeanikwa, na kuku mmoja.

"Kuku?" mume wangu aliuliza.

"Mmoja. Alikuwa mkorofi. Na vitu vyote viinuke, fundi. Usivisawazishe."

"Vikiinuka vitakukwaruza mkono, mzee. Mimi kila kitu nakilaza sawa na mbao, ndiyo kazi yangu."

"Utaviinua kidogo tu. Mkono utazoea."

Kisha mume wangu alimletea vigae vya kijani achague, na mzee akavisogeza karibu na pua kama anayenusa nyama ya jana. Akamgeukia mkewe. "Ni ile?" Mama akatazama. "Hiyo imekolea. Ile pale ndiyo yenyewe." Nami nikawaza, kumbe huyu mama ndiye anayevaa suruali.

Mume wangu yeye aliwaza mbali zaidi. Ng'ambo ya barabara kubwa kuna fundi mwingine aliyewahi kumwibia mchoro wa samaki, akauweka kwenye magitaa kadhaa kabla ya rangi ya mchoro wetu kukauka. Tangu siku ile kila mteja mwenye maswali mengi ni mjumbe wake. "Kwa nini anataka viinuke?" aliniuliza tukiwa tunakula. "Anataka kuchukua chapa. Unabandika karatasi juu, unasugua penseli, mchoro wote unahamia." Nikamwambia ale.

Lakini kazi aliifanya. Na aliifanya vizuri mpaka mimi niliyezoea nikawa naacha cherehani kwenda kuchungulia. Kamba ya nguo ilikuwa waya wa shaba, imelegea katikati kama kamba ya kweli. Gauni lilikuwa vigae vya sahani, vimepangwa mpaka unaona upepo. Bomba alilichonga kwa mfupa, na chini yake akaacha sehemu tupu, laini, ya kidimbwi cha maji. Kuku alimfanya kwa kifungo cha koti langu la zamani, ambacho hakuniomba. Mzee alilitaka gitaa kwa ajili ya onyesho la bendi kutimiza miaka, mwisho wa wiki ile, na vanishi ya mwisho ilipakwa kwa wakati wake, likaingia kabatini, kufuli likagonga.

Kesho yake mume wangu alikwenda mjini kutafuta nyuzi. Mimi nilikuwa kwa mteja, napima sare za shule. Nyumbani alibaki mdogo wangu, amelala, au ndivyo tulivyodhani.

Siku iliyofuata, baada ya chai, nikasikia mlango wa kabati unafunguliwa, halafu kimya. Mume wangu akikasirika hupiga kelele, na hiyo haina shida, huisha. Akinyamaza ndipo utafute pa kukaa. Nikaenda. Alikuwa amelishika gitaa kwa shingo, analigeuzageuza dirishani. Pale kwenye kidimbwi, chini ya bomba, palikuwa na alama nne za vidole zimezama kwenye vanishi, tena imeshakaza. Kila alama ilikuwa imekatwa na mstari katikati, kama kidole kimefungwa uzi.

"Umefungua?" akaniuliza.

"Mimi? Nina kazi na kabati lako?"

Akaufunga mlango wa barabarani. Akavuta kopo la puti, ile ya kuzibia matundu ya mbao, akatandaza kipande kwenye ubao, akaanza na vidole vyake mwenyewe ili asionekane mbaguzi. Puti ikabaki laini kama uso wa mtoto. Akaniambia nami nibonyeze. Nilitaka kumtupia ule ubao, lakini nikabonyeza, na vidole vyangu vikaacha mistari yake na vitobo vya sindano. Jirani yetu muuza mkaa alikuja kuomba kiberiti, akajikuta naye anabonyezeshwa. "Ni bahati nasibu?" akauliza. Mume wangu akamwambia ndiyo.

Mdogo wangu alitoka chumbani akipiga miayo. Akauona ubao, akaliona gitaa, na usingizi wote ukamtoka. Nilimwona. Na uso ule naujua tangu utotoni.

"Bonyeza," mume wangu akasema.

Akabonyeza. Waoka mikate hushika trei zinazotoka kwenye tanuri, na hata wakishika kwa tambara, ukingo wa bati huwapata. Vidole vyake vina makovu ya moto, yamekwenda mkingamo, kidole kwa kidole. Puti ikaonyesha mistari minne iliyokatisha. Mume wangu akaweka ubao kando ya gitaa, wala hakuhitaji kusema.

"Sikulishika gitaa lako, shemeji."

"Nani kalishika?"

"Hilo siwezi kukujibu."

"Huwezi au hutaki?"

"Vyote."

"Kabati umefungua hukufungua?"

Mdogo wangu akatazama chini. "Nilifungua."

"Ufunguo ulitoa wapi?"

"Kwenye kopo la dada."

Mume wangu hakunitazama, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko kunitazama. "Ulimfungulia nani?" akauliza. "Yule wa ng'ambo ya barabara? Nimewaona mkizungumza pale dirisha la mikate."

"Ananunua mikate, shemeji. Watu wote wananunua mikate."

"Basi nitajie uliyemfungulia."

Mdogo wangu ana ubishi wa kimya, amerithi kwa mama yetu. Unaweza kumpigia kelele mpaka koo likauke, anakutazama tu. Mume wangu akasema kwa sauti ya chini kwamba mtu anayefungua kabati lake na kukataa kusema kwa nini hawezi kulala chini ya paa lake. Akasema kazi yake yote iko kwenye lile kabati. Hapo hakuwa anatania, na sikuweza kumwambia ameongopa.

Nilimfuata mdogo wangu chumbani. Alikuwa anakunja shati zake mbili tatu.

"Niambie mimi. Mimi dada yako."

"Nikikwambia utamwambia."

"Sitamwambia."

"Dada, wewe huwezi kulala na neno tumboni. Siku ile ya keki ya harusi ya binamu ulisema kabla sijafuta mdomo."

Nilikasirika, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu niliikumbuka ile keki. Tangu akiwa mtoto, huyu alikuwa hawezi kuona kitu kibichi asikiguse. Sukari ya keki, ukuta uliopakwa rangi, uji wa moto. Nikamtazama vidole vile na mistari yake, na mdomo wangu ukasema peke yake, "Kama umeshika, sema umeshika. Tutamwomba msamaha."

Akaacha kukunja. "Na wewe pia?"

Akabeba begi, akapita koridoni, akaniambia atalala kiwandani, kwenye magunia ya unga kuna nafasi. Mlangoni akamwambia mume wangu, "Shemeji, kwaheri," kwa heshima zote, na mume wangu akaitikia kwa kichwa.

Siku zile zilizobaki nyumba haikukalika. Mume wangu alinunua kufuli jipya. Jioni moja nilitafuta kifungo kwenye kopo langu, nikafika chini, ufunguo wa pili hakuna.

"Kwa hiyo na mimi?" nikamuuliza.

"Si wewe. Tahadhari tu."

Nilimwekea chakula bila neno, nikamwekea na chumvi mbali. Yeye alikuwa anahangaika na gitaa. Kukwangua vanishi kungeng'oa vigae, na kupaka upya kusingekauka kabla ya onyesho. Akaamua atamkabidhi mzee hivyo hivyo na kumwambia ukweli. Nilimsikia anafanya mazoezi ya maneno hayo peke yake, kwa sauti ya mtu aliyekosewa.

Na mimi nilikuwa na mazoezi yangu. Nilikaa kwenye cherehani nikiwashuku wote wawili kwa zamu. Mara nione mdogo wangu ameuza michoro, maana kiatu chake kilikuwa kipya. Mara nione mume wangu ameweka zile alama mwenyewe ili apate sababu ya kumtoa, maana muda ule mfupi umekuwa mrefu. Kisha nakumbuka vidole vya mume wangu havina mistari, na narudi kwa mdogo wangu. Huo ndio ubaya wa kushuku, ukishaanza unakuwa fundi.

Mzee wa Solo alikuja mchana na mkewe, wameshikana mikono kama kawaida. Mume wangu alikwisha kuunganisha spika. Akalitoa gitaa, akamwekea mzee mapajani, na kabla mzee hajaligusa akaanza hotuba yake.

"Mzee, kazi yangu unaijua. Lakini gitaa lako lina kasoro, na sitakuficha. Mtu wa nyumbani kwangu alifungua kabati vanishi ikiwa bichi, akatia vidole. Ni shemeji yangu. Nimeshamfukuza."

Mzee alikuwa ameinua mkono wa kushoto. Ukabaki hewani.

"Umemfukuza?"

"Tangu siku ile. Hakutaka hata kusema ni nani aliyemtuma."

"Hakusema kitu?"

"Hata neno."

Mzee akageuza uso kwa mkewe, na mama akaziba mdomo kwa mkono. Kisha mzee akaushusha ule mkono wa kushoto juu ya gitaa. Akaukuta mlango wa bati, akaifuata kamba ya nguo polepole, akalipita gauni, akashuka kwenye bomba, na pale chini vidole vyake vinne vikaingia kwenye zile alama, kimoja kimoja, vikatulia. Hakuna kilichozidi wala kupungua.

Mume wangu alikuwa ameinama kama anavyoinama kusikiliza nyuzi. Akauchukua ule mkono, bila hata kuomba ruhusa, akaugeuza. Nikasogea. Ncha za vidole zilikuwa ngumu kama kisigino, na kila ncha ina mfereji uliokatisha, ulioachwa na nyuzi za miaka yote hiyo. Mume wangu ameyavisha magitaa nusu ya umri wake. Alichowahi kutazama kwenye mkono wa mpigaji ni pete tu, isije ikakwaruza vanishi.

"Ni mimi, fundi," mzee akasema. Akavua miwani. Macho yalikuwa wazi na hayakuwa yanatutazama. "Siku ile nilikuwa bado naona mwanga kidogo kwenye kona za macho. Niliamka nikajua hata huo unaondoka. Nikamwambia mke wangu anilete. Nilitaka nijue kama kuku yupo."

"Kijana wenu alituambia vanishi ni bichi," mama akasema. "Alikataa kufungua. Nikalia, nakuambia ukweli, nikalia mlangoni hapo. Akafungua akasema mzee asiguse, asogeze uso tu. Mimi nikamwona anataka kugusa, nikawa nimechelewa."

"Nilimwapisha asiseme," mzee akasema. "Bendi hawajui. Wakijua watanipa maua na kiti cha mbele, waniambie mzee pumzika sasa. Mimi nikipumzika nimekwisha. Nilimwambia yule kijana, hata shemeji yako asijue, maana mafundi huongea na wanamuziki. Sikujua itamgharimu."

Nikautazama mkono wa mama. Ulikuwa bado umeshika kiwiko cha mumewe. Nikakumbuka ile nusu hatua mbele, na jinsi nilivyoona wivu, nikatamani ardhi inimeze.

"Nitapata namna ya kuziondoa hizo alama," mume wangu akasema. "Baada ya onyesho uniletee."

"Ziache. Ndizo zinazonionyesha bomba liko wapi." Mzee akapeleka mkono kwenye shingo ya gitaa, akapiga kipande kifupi cha wimbo uliotuozesha sisi wote, na spika ikatikisa mikasi kwenye meza. "Na yule kuku," akasema, "umemfanya mnene mno."

Walipoondoka, mama alimgusa kiwiko mara moja kwenye kizingiti, naye akainua mguu. Ukiwa hujui huwezi kuona.

Mume wangu hakukaa. Aliingia chumbani, akatoka na ufunguo wa pili wa kufuli jipya. "Twende," akaniambia. Nikaiacha sare ya mtu ikiwa na mkono mmoja.

Kiwanda cha mikate kina dirisha la kuuzia, na pale dirishani kulikuwa na foleni. Mume wangu alijipanga kama watu wengine, mwanamume mzima, ameshika ufunguo badala ya pesa. Zamu yake ilipofika, muuzaji akamuuliza mingapi. "Nimekuja kwa shemeji yangu," akasema. Muuzaji akatupitisha nyuma. Mdogo wangu alikuwa amelala kwenye magunia, amejifunika koti. Akaamka, akakaa, akanitupia jicho mimi kwanza.

"Mzee amekuja," nikamwambia. "Amesema mwenyewe."

"Alhamdulillahi," akasema, akajifuta uso.

Mume wangu alisimama mbele yake. "Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungeniamini?"

Nilitegemea aseme ndiyo. Mtu mwingine angesema ndiyo. Lakini mume wangu, pamoja na kasoro zake, hasemi uongo. Alifikiri kweli kweli. "Ningekwenda kwake kuhakikisha," akasema.

"Ndiyo hivyo, shemeji. Ungekwenda kwake, usimkute, uwaulize bendi."

Mume wangu akatikisa kichwa polepole, kukubali. Kisha akanyoosha mkono wenye ufunguo. "Rudi nyumbani. Huu wa kabati. Kaa nao wewe."

Mdogo wangu aliutazama muda mrefu. Nilijikuta naombea aupokee. Nilikwisha kuona shuka nitakazomtandikia.

"Kaa nao tu, shemeji. Jumapili nitakuja kula, dada akipika. Kulala nimeshazoea hapa. Hapa unga ukipungua, wanaangalia mizani kwanza ndipo wanaangalia mtu."

Hakusema kwa ubaya. Angesema kwa ubaya ningepata pa kumjibia. Nikamwambia, "Mdogo wangu, na mimi unisamehe," akasema yameisha, lakini alinisemea hivyo akiwa anafunga kamba za viatu. Vile viatu vipya vilikuwa vya kazini, wenzake wote walikuwa navyo.

Tulipotaka kuondoka alinyanyuka, akachukua mkate mmoja kwenye rafu, akaufunga kwenye gazeti, akampa mume wangu.

"Wa leo huo," akasema.

"Najua," mume wangu akajibu.

Aliubeba kifuani njia nzima. Hakuunusa. Mimi nilikuwa namwangalia kwa pembe ya jicho, nasubiri, na hakuunusa hata tulipofika mlangoni na yeye akawa anahangaika na makufuli yake kwa mkono mmoja. Niliweka chai mezani, nikauchukua mkate, nikaukata. Kisu kilikwama kidogo.

Ulikuwa wa jana. Nilimtazama mume wangu, naye akavuta kipande chake, akakitafuna mpaka kikaisha, akasema mkate mtamu, niongeze kingine.